Kuondoa Udhia Njiani



Katika mafundisho ya Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. yaliyohifadhiwa katika Sahihi Muslim tunaelezwa ya kuwa imani ina matawi mengi. La juu kabisa ni kukiri Umoja wa Mwenyezi Mungu, na la chini kabisa ni kuondoa njiani kitu kinachowaudhi watu. Wengi wetu hulisikia neno hilo "la chini" tukadhani ni jambo dogo, la kufanywa na mtoto au mtumishi. Lakini tawi la chini ndilo linalofikiwa na mkono wa kila mtu. Asiyejua kusoma hulifikia, na asiye na mali ya kutolea zaka hulifikia. Tena ni tawi la mti uleule mmoja, na atakayesema halimhusu hana budi kutueleza ameshika mti gani.

Katika Hadithi nyingine, iliyomo katika Bukhari na Muslim, tunapewa habari za mtu aliyekuwa akipita njiani, akaliona tawi lenye miiba, akalisogeza kando. Mwenyezi Mungu akaipokea kazi yake na akamghofiria. Hatukuambiwa jina lake wala kabila lake, wala hatukuambiwa kama mtu yeyote alimwona.

Mkazi wa Dodoma hahitaji kufasiriwa Hadithi hii. Nchi ile ya uwanda wa kati ni nchi ya migunga na vichaka vya miiba, na kila mtoto aliyepata kuchunga mbuzi Bahi au Chamwino aijua miiba kwa nyayo zake. Lakini miiba ya leo imegeuka sura. Sasa ni kipande cha chupa kilichozikwa mchangani, ni sindano iliyotupwa nyuma ya duka la dawa, ni mifuko ya plastiki iliyoziba kalvati hata maji ya mvua yakaingia katika nyumba ya mjane. Ni juu ya miiba hii, na juu ya wale wanaotoka kwa hiari yao kwenda kuiondoa, ndipo ninapotaka kusema leo.

Huenda msomaji wa Tanga au Mombasa akasema: Sisi ndio wenye pwani, na kila mwaka twaona vijana wakijitolea kuokota taka ufukweni, watu wa Dodoma wako mbali na bahari, wana nini cha kufanya na jambo hili? Swali hilo ni zuri, na jibu lake li katika mchanga wa mito.

Mtu akisimama katika mtaro mmojawapo wa upande wa kaskazini au mashariki ya mji wa Dodoma wakati wa kiangazi, ataona mchanga mkavu tu na takataka. Mvua ikinyesha, mtaro ule huamka. Maji hushuka katika vijito mpaka mto Kinyasungwe Mdogo, na mto huo huingia katika bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, ambamo watu huvua samaki na kando yake hulima mboga na zabibu. Bwawa likifurika, maji huendelea katika Kinyasungwe, hupita Gulwe katika nchi ya Mpwapwa, yakandamana na njia ya reli mpaka Kilosa, ambako mto huitwa Mkondoa. Kutoka hapo huungana na Wami, na Wami humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, ndani ya hifadhi ya Saadani, mkabala wa Unguja. Katika pwani ya hifadhi hiyo, mahali paitwapo Madete, kasa hupanda mchangani kutaga mayai. Basi mfuko uliotupwa Dodoma na mtu ambaye hajapata kuiona bahari maisha yake yote waweza kufika baharini kabla yake.

Na upande wa magharibi je? Huko hali ni nzito zaidi. Mto Bubu hushuka kutoka nchi ya Kondoa na kuishia katika mbuga ya maji ya Bahi, na hapo hakuna mto wa kuyachukua maji hayo kwenda mbele. Jua hunywa maji, na kila kilichobebwa na maji hubaki palepale. Mtu wa Bahi hana hata faraja ya kusema kuwa uchafu umekwenda kwa wengine.

Kwa hiyo yafaa tuukumbuke mfano ambao Mtume Mtukufu s.a.w. aliutoa, nao umo katika Sahihi Bukhari, juu ya watu waliopanda jahazi moja. Wengine walipata nafasi juu na wengine chini. Wale wa chini, kila walipotaka maji, iliwabidi wapite kwa wale wa juu, wakaona vema watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe wasiwasumbue wenzao. Wa juu wakiwaacha, wote watazama. Wakiwazuia, wote wataokoka. Wafasiri hutuambia kuwa mfano huu wahusu kukatazana maovu, na ndivyo ulivyo. Lakini mtu akiutazama mto Wami kutoka Dodoma mpaka baharini ataona jambo la ajabu kidogo: hapa aliye juu ndiye anayetoboa, na aliye chini ndiye anayeingiliwa na maji. Mvuvi wa Saadani hawezi kumshika mkono mtu wa Dodoma. Hamjui, wala hamwoni. Atamzuia nani, ikiwa imani yake mwenyewe yule wa juu haimzuii?

Hata kabla ya kufika kwa jirani wa mbali, liko suala la maji yetu wenyewe ya kunywa. Kwa miaka mingi mji wa Dodoma umekunywa maji ya visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Maji hayo yako chini ya ardhi. Mvua ya Dodoma ni haba, kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na wataalamu waliochunguza bonde lile wameona ya kuwa hazina yake haijazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa hasa katika miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, maji yanapopita juu ya mchanga wa mito na kunywea chini. Maana yake ni kwamba mito ile mikavu, ambayo sisi twaiona kuwa ni mahali pa kutupia taka kwa sababu haina maji, ndiyo milango ya kisima chetu. Mtume Mtukufu s.a.w. aliwaonya wafuasi wake wasijisaidie mahali pa kuchotea maji, wala njiani, wala kivulini, na Hadithi hiyo imo katika Abu Daud. Mahali pote patatu ni pa watu wote. Mto wa mchanga wa Dodoma ni mahali pa maji, na mara nyingi ni njia, na chini ya migunga ya kando yake ndiko kwenye kivuli.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tarehe 9 Desemba 2015, taifa lilipokuwa likipambana na kipindupindu, Rais John Magufuli aliahirisha sherehe za Uhuru na kuwataka wananchi waitumie siku ile kwa usafi. Yeye mwenyewe alionekana Dar es Salaam akizoa taka kwa mikono yake. Baada ya hapo Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ikawekwa kuwa siku ya usafi nchini. Mwaka 2017 vifuko vya pombe kali viitwavyo viroba vilipigwa marufuku, na tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ikapigwa marufuku pia. Yote haya ni mema, na Mwislamu aliyeamriwa kuwatii wenye mamlaka hana sababu ya kuyapinga.

Hata hivyo kila mwenye macho ameona jinsi Jumamosi ile inavyokwenda katika mitaa mingi. Maduka hufungwa kwa kuogopa faini. Mwenye duka hukaa kibarazani akisubiri saa ya kufungua. Kina mama hufagia, vijana hutazama. Ikifika Jumatatu mtaro umerudi kama ulivyokuwa. Amri imetimizwa na uchafu umebaki.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wakati wa ukoloni Waingereza waliwalazimisha watu wa milima ya Uluguru wachimbe matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Katika hilo Waingereza hawakusema uongo. Lakini kazi ya lazima ilichukiwa, na mwaka 1955 kukatokea ghasia, na mpango wote ukavunjika.

Katika uwanda wa kati wenyewe tunao mfano mkubwa zaidi, nao wastahili kutazamwa kwa uadilifu. Mwaka 1973, mwaka uleule ilipoamuliwa kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO. Nchi ya Kondoa ilikuwa imechanika makorongo makubwa mekundu. Makinga maji yalijengwa kwa matrekta, miti ikapandwa, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa itoke katika eneo la zaidi ya kilometa 1,200 za mraba. Nchi ikapona. Nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, na mito iliyokuwa ikishuka kwa ghadhabu ikatulia. Anayekana hayo anakana jambo linaloonekana kwa macho. Lakini pia ni kweli kwamba Warangi walioamka siku moja bila ng'ombe walipoteza maziwa ya watoto wao na samadi ya mashamba yao, na mifugo iliyotolewa haikuyeyuka hewani. Ilipelekwa kula majani katika nchi za watu wengine. Baadaye ng'ombe wa maziwa wa kulishwa bandani wakaruhusiwa, na mradi ulipokwisha katika miaka ya 1990, mifugo ikaanza kurejea. Amri yaweza kuiponya ardhi. Yule mwenye kuikaa ardhi asipoupenda uponyaji huo, itambidi mtu wa kumlinda daima, na mlinzi naye hulala.

Hebu tulinganishe na kazi inayofanyika sasa katika mkoa huohuo, iitwayo Kisiki Hai. Tangu mwaka 2018 shirika la LEAD Foundation likishirikiana na Justdiggit la Uholanzi limekuwa likiwafundisha wakulima njia ambayo wazee wengine waliijua tangu zamani. Katika mashamba mengi ya Dodoma chini ya udongo kuna visiki ambavyo mizizi yake ingali hai. Kila mwaka huchipua, na kila mwaka mkulima hufyeka machipukizi yote akidhani ni magugu. Sasa huambiwa achague machipukizi machache yaliyo imara, apogoe mengine, afunge kitambaa ili kila mtu ajue kuwa mti huu unatunzwa, kisha aulinde na mbuzi. Hakuna mche wa kununua wala maji ya kumwagilia. Mti hukua upesi kwa sababu mizizi iko tayari. Na anayefanya hivyo hufanya katika shamba lake, kwa panga lake, kwa kutaka kwake.

Nimeitaja kazi hii kwa sababu nyingine pia. Dodoma tuna kosa la kudhani kuwa usafi ni upara. Siku ya usafi twafyeka kila jani, twafagia ua mpaka udongo mwekundu uonekane, twachoma majani makavu, na twajisifu kuwa pamekuwa safi. Upepo wa Septemba unakuja kuuchukua udongo ule, na mvua ya kwanza inachukua uliobaki na kuupeleka Hombolo, ambako bwawa linazidi kujaa tope. Udongo huohuo wa milima ya Mpwapwa na Kongwa ndio ujazao mchanga katika mto kati ya Gulwe na Kilosa hata mto ukapanda na kuibomoa reli, kama ilivyotokea katika mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Katika Sura Ar-Rum Mwenyezi Mungu anatukumbusha ya kuwa uharibifu uliodhihiri barani na baharini umetokana na yale waliyoyachuma watu kwa mikono yao. Mikono yenye ufagio nayo imo. Plastiki na ziokotwe. Majani na yaachwe mahali pake, au yalazwe chini ya miti.

Wako wanaosema: Sisi twalipa ada ya taka kila mwezi, kuna Halmashauri ya Jiji, kuna magari, kuna dampo. Kwa nini nifanye kazi ambayo mwingine amelipwa kuifanya? Hoja hii haifai kubezwa. Mwenye kulipa ada ana haki ya kudai gari lije, na kikundi cha kujitolea kisichodai gari lije huwa kinawasaidia wazembe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 765,000 katika Jiji la Dodoma, na mji wa namna hiyo hausafishwi kwa mafagio ya Jumamosi peke yake. Lakini ada tunayolipa ni malipo ya taka zilizomo katika pipa langu na pipa lako. Ule mfuko uliokwisha kufika katika korongo haumo katika hesabu ya mtu yeyote. Haukuanguka kutoka mbinguni. Ulitoka mkononi mwa mmoja wetu, na jina lake halijulikani. Deni lisilojulikana mdaiwa wake hulipwa na jamaa wote, kama vile maiti asiye na ndugu huzikwa na jamaa wote, na wote wakiacha, wote wana dhambi. Ndiyo maana mimi sipendi sana tunapoliita jambo hili hisani. Anayeingia mtaroni na jembe analipa sehemu ya deni la mtaa mzima, na mvuvi wa Saadani hana haja ya kumshukuru.

Katika Jumuiya yetu jambo hili lina jina. Khalifatul Masih wa Pili r.a. alipoianzisha Majlis Khuddamul Ahmadiyya mwaka 1938, ilijengwa ndani yake desturi ya Waqar-e-Amal, yaani heshima ya kazi: vijana watoke pamoja, tajiri na maskini, msomi na asiye msomi, wafanye kazi ya mikono kwa manufaa ya watu wote. Jina hilo lina dawa ndani yake, kwa maana ugonjwa wenyewe ni aibu. Kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma huona haya kuonekana na reki mbele ya wenzake. Na amtazame Mtume Mtukufu s.a.w. siku ya Handaki, akibeba udongo pamoja na masahaba mpaka vumbi likafunika tumbo lake tukufu. Alikuwa mtawala wa Madina, na angeweza kusimama pembeni na kuelekeza.

Yuko pia yule mwanamke, katika Bukhari na Muslim, aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Alipofariki masahaba walimzika bila kumjulisha Mtume s.a.w., kana kwamba jambo lake lilikuwa dogo. Yeye akamkosa, akauliza habari zake, akawalaumu, akaenda mpaka kaburini kwake akamwombea. Mtume wa Mungu alikuwa na vita, mikataba na wajumbe wa makabila. Na katikati ya hayo yote akatambua kwamba mtu wa ufagio haonekani.

Huku ng'ambo ninakofundisha, vijana wetu wa Ujerumani wana desturi ya miaka mingi: asubuhi ya tarehe 1 Januari, baada ya watu kukesha wakilipua fataki, wao husali sala za alfajiri kisha hutoka mabarabarani katika miji mingi na mafagio kuzoa mabaki ya sherehe ambayo hawakushiriki. Wajerumani wengine huwashangaa, wengine huwaletea kahawa. Magazeti huandika. Na hapa nitasema neno moja juu ya picha. Picha si dhambi. Imewavuta wengi katika kazi njema. Lakini huwa nawaambia wanafunzi wangu wahesabu ni dakika ngapi ufagio ulikuwa chini na ni dakika ngapi ulikuwa mbele ya kamera. Hesabu hiyo kila mtu aifanye peke yake.

Basi kwa ndugu zetu wa Dodoma na wilaya zake, Khuddam, Ansar na Lajna, na kwa kila jirani mwenye nia njema, awe wa dini yoyote, nina mashauri machache ya kazi. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Kwa hiyo mitaro na makorongo yasafishwe Oktoba, kabla maji hayajachukua chochote. Chagueni mtaro mmoja tu, mjue unaanzia wapi na unaingia mto gani, na muwe nao mwaka hadi mwaka. Kabla ya siku ya kazi mwendeeni mwenyekiti wa mtaa mkamwulize gari la taka litapita lini, maana lundo lililoachwa kando ya mtaro hurudi mtaroni kwa mvua ya kwanza. Chukueni majembe, mareki, magunia, toroli, na glovu za kutosha. Vioo na sindano visiingie katika magunia. Viwekwe katika ndoo ngumu yenye mfuniko, na sindano zipelekwe zahanati. Plastiki isichomwe, kwa kuwa moshi wake ni sumu kwa watoto wanaoishi jirani. Chipukizi lililo kwenye ukingo lisikatwe. Mwenye kitambaa alifunge.

Jua la Oktoba ni kali, hivyo anzeni mara baada ya Sala ya Alfajiri, na saa tatu muwe mmekwisha kunawa. Kisha mwezi wa Mei, mvua zikiisha, nendeni tena, Inshallah, mtembee kwa miguu kutoka mtaro wenu mpaka ukingo wa bwawa la Hombolo, mkaone maji yameleta nini mwaka huu.